Ukubwa wa Sayari na Umbali Wake, Pamoja na Maelezo Juu ya Majina Yake kwa Kiswahili

Mwalimu afundishaye habari za jua na sayari hukutana na mashaka mawili. La kwanza ni la hesabu. Tarakimu ni kubwa mno, na mtoto aambiwaye kwamba Neptuni iko mbali na jua kilometa 4,500,000,000 huziandika sifuri zote kwa utii, wala hapati picha yo yote moyoni mwake. La pili ni la lugha. Majina ya sayari katika Kiswahili hayakukaa mahali pamoja: jina lile lile hutajwa katika orodha moja kwa sayari iliyo karibu na jua, na katika orodha nyingine kwa ile iliyo mbali kupita zote. Mashaka haya hufungamana, kwa sababu asiyejua jina la kitu hawezi kumweleza mwenzake kipimo chake, na asiyejua kipimo chake hagundui ya kuwa jina limekosewa.

Katika kurasa hizi twakusudia kuyashughulikia yote mawili: kwanza majina, kisha hesabu na jinsi ilivyopatikana, na mwisho namna ya kuifundisha kwa vitu vya shambani na kwa njia ya kwenda kwa miguu. Mfano wetu umewekwa Pasiansi, upande wa kaskazini wa mji wa Mwanza, penye barabara itokayo uwanja wa ndege kwenda mjini. Mwalimu wa Bukoba, wa Musoma au wa Tanga aweza kubadili majina ya mahali, wala hesabu haitabadilika.

I. Majina

Neno nyota ni la Kibantu, nalo ni la zamani. Wasukuma wa huku ziwani husema sonda kwa nyota, limi kwa jua, na ng'weji kwa mwezi. Watu wa pwani walikuwa na majina yao wenyewe kwa nyota zilizowafaa katika kazi. Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, limepata jina lake katika kulima, maana kuzama kwake na kuzuka kwake kulimwonyesha mkulima majira ya mvua na ya jua. Nao waliofasiri Kitabu cha Ayubu kwa Kiswahili walilitumia jina hilo hilo. Tena ile nyota kubwa ing'aayo kabla ya mapambazuko iliitwa ng'andu, nayo ndiyo Zuhura.

Majina mengine ya sayari yaliingia kwa Kiarabu. Sayari lenyewe latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kwenda, basi sayari ni nyota iendayo, wala si nyota ikaayo mahali pake. Watu wa kale waliziona nyota za namna hii tano kwa macho matupu, na Waarabu waliziita Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Pamoja na jua na mwezi zilikuwa saba. Majina haya yalitunzwa pwani na wenye elimu ya falaki, na pia na wapiga ramli, ambao waliyagawa kwa siku na saa ili kutabiri bahati ya mtu. Kwa sababu hiyo waalimu wengine huyaogopa, wakidhani kwamba ni maneno ya uganga. Hapana haja ya kuogopa. Jina si la mpiga ramli. Yeye aliliazima kwa mwenye kupima nyota, na mwenye kupima aweza kulirudisha nyumbani.

Taabu ilianza zilipoonekana sayari ambazo watu wa kale hawakuzijua. Uranusi iligunduliwa na William Herschel huko Uingereza mwaka 1781. Neptuni ilionekana Berlin mwaka 1846, baada ya Mfaransa Le Verrier kukokotoa kwa hesabu mahali ilipopaswa kuwapo. Pluto iligunduliwa na Clyde Tombaugh huko Marekani mwaka 1930. Hizi tatu hazikuwa na majina ya kale ya Kiarabu, wala ya Kiswahili. Basi katika orodha nyingine zilizotumika mashuleni, nafasi hizo zilijazwa kwa kuyahamisha majina yaliyokuwapo.

Tazama jinsi yalivyohamishwa. Sayari ya kwanza iliitwa Zebaki. Zebaki ni madini ile iliyo kama maji, itumikayo katika vyombo vya kupimia joto; katika Kiingereza jina la madini hiyo na jina la sayari ni neno moja, na yaelekea kwamba mfasiri alishika madini akaiacha nyota. Kwa hiyo jina la Utaridi, lililo lake kwa haki, likabaki bila kazi, likapewa Pluto. Zohali likaondolewa mahali pake likapewa Uranusi, na mahali pa Zohali pakawekwa Sarateni, neno ambalo kwa Kiarabu ni kaa wa pwani, nalo ni jina la mmoja wa buruji kumi na mbili, wala si la sayari. Neptuni nayo ikapewa jina la Kausi, yaani upinde, ambao pia ni mmoja wa buruji.

Msomaji asidhani kwamba hili ni jambo dogo la wapenda kamusi. Mtoto aliyejifunza katika orodha ya kwanza kwamba Utaridi ni jirani wa jua, akakuta katika orodha ya pili kwamba Utaridi iko baridini kupita zote, hatasema kwamba vitabu vimehitilafiana. Atasema kwamba yeye hana akili ya elimu hii. Au atasema, na hili ni baya zaidi, kwamba Kiswahili hakifai kwa elimu hii. Yote mawili ni uongo.

II. Ukubwa uonekanao na ukubwa ulio kweli

Mtu asimamaye ufukoni usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, huona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa juu ya ziwa kama kijiji. Macho peke yake hayawezi kumwambia ni taa ipi iliyo karibu na ni ipi iliyo mbali. Taa ndogo iliyo karibu hung'aa kupita taa kubwa iliyo mbali, na zote mbili huonekana kama zimekaa juu ya ukingo mmoja wa maji. Hivyo ndivyo zilivyo nyota mbele ya macho yetu. Twaziona kama zimebandikwa juu ya dari moja, na ile ing'aayo zaidi twaiita kubwa.

Zuhura hung'aa kupita sayari zote, na kumbe Mshtarii ni pana kuliko yeye karibu mara kumi na mbili. Sababu ni tatu: Zuhura iko karibu nasi zaidi, iko karibu na jua zaidi kwa hiyo hupata mwanga mwingi, tena imefunikwa na mawingu mazito yaurudishayo mwanga huo. Mwangaza, basi, si kipimo cha ukubwa. Anayetaka kujua ukubwa sharti ajue kwanza umbali.

III. Jinsi umbali ulivyojulikana

Wanafunzi wengi huuliza swali hili, nao wana haki: Nani alikwenda huko na kamba ya kupimia? Jibu ni kwamba umbali ulipatikana kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza ilikuwa kujua uwiano bila kujua kilometa. Johannes Kepler, mwaka 1619, alitangaza kanuni moja: ukichukua umbali wa sayari kutoka kwa jua, ukihesabu umbali wa Dunia kuwa moja, ukauzidisha kwa wenyewe mara tatu, utapata hesabu ile ile uipatayo ukizidisha miaka ya mzunguko wake kwa yenyewe mara mbili. Tujaribu kwa Mshtarii. Huzunguka jua kwa muda wa miaka 11.86. Hesabu hiyo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa karibu 140.7. Sasa tafuta hesabu ambayo ikiandikwa mara tatu na kuzidishwa itatoa kiasi hicho: 5.2 × 5.2 × 5.2 ni 140.6. Basi Mshtarii iko mbali na jua mara 5.2 kuliko sisi. Mwalimu aweza kuifanya hesabu hii ubaoni, na mtoto wa darasa la juu ataona kwa macho yake kwamba elimu hii haikuokotwa katika ndoto.

Hatua ya pili ilikuwa kupata kilometa za kweli za umbali mmoja tu, kwa kuwa ukiupata mmoja umeipata yote. Simamisha kidole mbele ya uso wako, ufumbe jicho la kulia, kisha la kushoto. Kidole chaonekana kuhama mbele ya ukuta, na kadiri kilivyo karibu ndivyo kinavyohama zaidi. Edmond Halley alishauri mwaka 1716 kwamba Zuhura itumike kama kidole hicho, inapopita mbele ya uso wa jua. Watazamaji wawili waliokaa mbali, mmoja kaskazini na mmoja kusini, wataiona ikipita juu ya jua katika mistari miwili iliyoachana kidogo, na katika tofauti hiyo umbali hupatikana. Mwaka 1761 na mwaka 1769 wataalamu walitumwa sehemu nyingi za ulimwengu kwa kazi hiyo.

Jambo hili si la vitabuni tu. Tarehe 8 Juni 2004 Zuhura ilipita mbele ya jua, na Afrika ya Mashariki yote ilikuwa mahali pazuri pa kutazamia, kuanzia saa mbili na robo asubuhi hata karibu saa nane u nusu mchana. Ilipita tena tarehe 6 Juni 2012, na huku kwetu ulionekana mwisho wake tu, baada ya jua kuchomoza. Haitapita tena hata Desemba 2117. Leo umbali hupimwa kwa mawimbi ya redio yapelekwayo hata Zuhura na kurudi, kazi iliyoanza kufaulu mwaka 1961, na kipimo cha umbali wa Dunia na jua kimewekwa tangu mwaka 2012 kuwa mita 149,597,870,700 kamili.

IV. Hesabu zenyewe

Hapa tumeandika upana wa kila sayari katikati yake, umbali wake wa wastani kutoka kwa jua, na muda wa mzunguko wake mmoja. Jua lenyewe lina upana wa kilometa 1,391,000 hivi.

Utaridi: upana km 4,880, umbali km milioni 57.9, siku 88.
Zuhura: upana km 12,104, umbali km milioni 108.2, siku 225.
Dunia: upana km 12,756, umbali km milioni 149.6, siku 365 na robo.
Mirihi: upana km 6,792, umbali km milioni 228, siku 687.
Mshtarii: upana km 142,984, umbali km milioni 778, miaka 12 kasoro kidogo.
Zohali: upana km 120,536, umbali km milioni 1,430, miaka 29 na nusu.
Uranusi: upana km 51,118, umbali km milioni 2,870, miaka 84.
Neptuni: upana km 49,528, umbali km milioni 4,500, miaka 165.

Ukizitazama utaona makundi mawili. Nne za kwanza ni ndogo, ni za mwamba, nazo zimekaa karibu karibu. Nne za mwisho ni kubwa, zimefanyika kwa hewa na vitu vizito vya namna ya maji, nazo zimeachana sana. Kati ya makundi hayo mawili, baada ya Mirihi na kabla ya Mshtarii, pana mawe mengi yazungukayo jua. Lililo kubwa katika hayo, jina lake Ceres, lina upana usiofikia kilometa elfu moja.

V. Njia ya Pasiansi

Sasa tuzipunguze hesabu hizi zote kwa kipimo kimoja: mita moja iwe badala ya kilometa milioni moja. Kwa kipimo hicho milimita moja ni badala ya kilometa elfu moja. Faida yake ni kwamba mwalimu hahitaji kukokotoa lo lote. Tarakimu za juu husomwa kama zilivyo.

Jua huwa duara lenye upana wa mita 1 na sentimita 39, sawa na kimo cha mtoto wa miaka kumi. Lichorwe kwa chaki au kwa makaa juu ya ukuta wa shule iliyo Pasiansi. Kisha darasa lishike barabara ya kuelekea Kirumba na mjini, likihesabu hatua. Barabara haikunyoka kama uzi, lakini kwa kufundisha yatosha kuhesabu mita za njiani.

Mita 58 kutoka ukutani mwalimu ataweka punje moja ya mtama. Hiyo ni Utaridi. Mita 108 ataweka njugu mawe moja. Hiyo ni Zuhura. Mita 150 ataweka njugu mawe nyingine iliyo kubwa kidogo sana kuliko ya kwanza. Hiyo ndiyo Dunia, pamoja na bahari zake, milima yake, ziwa letu na sisi wenyewe. Kando yake, umbali wa sentimita 38, yaani dhiraa moja isiyotimia, aweke punje ya uwele; huo ni mwezi. Watu waliokwenda mbali kupita wote katika safari zao wamefika hapo tu, penye punje ya uwele na nyuma yake kidogo. Mita 228 aweke punje ya dengu, ambayo ni Mirihi.

Hapo darasa litakuwa limekwenda dakika tatu, na sayari nne zimekwisha kupita. Toka hapo njia ni ndefu. Punje za mchanga mwembamba zatosha kuwa yale mawe ya kati, tena hazitaonekana. Mshtarii iko mita 778, mwendo wa dakika kumi toka ukutani, nayo ni boga dogo la upana wa sentimita 14. Zohali iko mita 1,430. Ni nazi iliyofuliwa, ya sentimita 12, na pete yake ikatwe katika karatasi ngumu, upana wake sentimita 27 toka ukingo hata ukingo. Lakini mwalimu awaambie watoto kwamba karatasi hiyo ni nene mno. Pete ya Zohali, pamoja na upana wake wote, mahali pengi unene wake hauzidi makumi ya mita, na kwa kipimo chetu hapana karatasi duniani iliyo nyembamba hivyo.

Uranusi iko mita 2,870 na Neptuni iko mita 4,500. Hizi mbili ni kama ndimu mbili zilizochumwa katika mti mmoja, kila moja sentimita tano. Toka ukutani hata ndimu ya pili ni mwendo wa saa nzima kwa mtu mzima. Watoto wengi wa shule zetu huenda njia kama hiyo kila asubuhi na kila alasiri, basi urefu wake wanao miguuni. Waulizwe: katika njia hii yote mmeona vitu vingapi? Watajibu: mtama, njugu mbili, dengu, boga, nazi na ndimu mbili. Waulizwe tena: na nafasi iliyobaki ina nini? Hapo ndipo wataelewa neno ambalo hakuna picha ya kitabu iwezayo kuwaonyesha, kwamba mbingu karibu yote ni nafasi tupu.

Picha za vitabu haziwezi kuonyesha hayo, wala si kosa la mchoraji. Kama akiichora Dunia kwa upana wa sentimita moja, imempasa kuiweka Neptuni mbali na jua zaidi ya kilometa tatu na nusu, na hapana ukurasa wenye urefu huo. Kwa hiyo huchagua kuonyesha ukubwa au kuonyesha umbali, na mara nyingi huvuruga vyote viwili. Mwalimu atumiaye picha hizo na aseme wazi ni lipi katika hayo mawili lililo kweli.

Kipimo hiki chafaa kwa mambo mengine pia. Mwanga, ambao kwa kweli huenda kilometa 300,000 kwa sekunde, katika njia yetu hutambaa sentimita 30 tu kwa sekunde. Mtoto atembeaye polepole aushinda. Watoka ukutani, wafika penye njugu yetu baada ya dakika nane na sekunde ishirini, na penye ndimu ya mwisho baada ya saa nne na dakika kumi. Chombo kiitwacho Voyager 2 kilirushwa Agosti 1977, kikapita Mshtarii mwaka 1979, Zohali 1981, Uranusi 1986 na Neptuni Agosti 1989. Ndicho chombo peke yake kilichozifikia zile ndimu mbili. Katika njia ya Pasiansi safari yake ilikuwa, kwa wastani, mita moja kwa siku. Na basi liendalo kilometa 80 kwa saa, lisilosimama usiku wala mchana, lingehitaji zaidi ya miaka 210 kufika kwenye jua, na zaidi ya miaka 6,400 kutoka kwenye jua hata Neptuni.

Je, nyota iliyo karibu kuliko zote baada ya jua letu ingewekwa wapi? Jina lake ni Proxima, na mwanga wake hutujia kwa muda wa miaka minne na robo. Kwa kipimo chetu ingekuwa mbali kilometa 40,000 na zaidi kidogo. Sasa mzingo wa dunia yetu ni kilometa 40,000 na kidogo. Basi mwenye kuitafuta Proxima ingempasa kuondoka Pasiansi, kuvuka ziwa, kuuzunguka ulimwengu wote, na kurudi Pasiansi kwa upande wa pili. Hapo ndipo angeikuta.

VI. Mambo manne ya kujihadhari

Kwanza, upana si ujazo. Mshtarii ina upana wa mara 11 kuliko Dunia, na mtoto atasema kwamba ni kubwa mara 11. La, kwa maana tufe hukua kwa urefu, kwa upana na kwa kina. Zidisha 11 kwa 11 kwa 11, upate 1,331. Na kwa kweli Dunia zaidi ya 1,300 zingeingia ndani ya Mshtarii kama zingesagwa na kujazwa. Mwalimu akijaribu kwa njugu mawe na kibuyu ataona kwamba hazienei hesabu hiyo, kwa sababu kati ya njugu na njugu hubaki nafasi. Kwa njia hiyo hiyo, njugu 109 zikipangwa mstari mmoja zitalivuka duara la jua lililo ukutani, lakini zinazoweza kulijaza jua ni milioni moja na laki tatu.

Pili, ujazo si uzito. Mshtarii yapita Dunia kwa ujazo mara 1,300, bali kwa uzito mara 318 tu, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni hewa. Zohali ni nyepesi zaidi: kila sehemu ya Zohali, kwa wastani, ni nyepesi kuliko maji ya kiasi hicho hicho, hata ingeelea kama lingekuwako ziwa la kuitosha. Na sayari zote nane zikiwekwa pamoja katika mizani, hazifikii sehemu moja katika mia saba ya uzito wa jua.

Tatu, sayari hazikai mstari mmoja barabarani. Njia yetu yaonyesha umbali wa kila moja kutoka kwa jua, lakini kila moja huzunguka kwa mwendo wake. Zuhura huweza kuwa mbali nasi mita 42 tu za kipimo chetu, ikiwa upande wetu, au mita 258, ikiwa ng'ambo ya jua. Ndiyo sababu ukubwa wake katika darubini hubadilika karibu mara sita. Tena ndiyo sababu Zuhura haionekani kamwe usiku wa manane. Aliyesimama penye njugu ya pili na kuutazama ukuta ataiona njugu ya kwanza daima upande ule wa ukutani, kushoto au kulia, wala haitakuja nyuma ya mgongo wake. Basi huonekana jioni magharibi, juu ya maji ya ziwa, au alfajiri mashariki. Watu wengi wamezitaja nyota mbili, ya jioni na ya asubuhi, na kumbe ni moja.

Nne, Pluto haihesabiwi tena pamoja na sayari. Mwaka 2006 mkutano wa wanafalaki wa mataifa uliofanyika Prague uliiweka katika kundi la sayari kibete, kwa kuwa haikuondoa vitu vingine katika njia yake. Katika mfano wetu ingekuwa punje ndogo kuliko uwele, mbali kwa wastani mita 5,900 toka ukutani.

VII. Neno la mwisho juu ya majina

Sasa msomaji aweza kupima kwa miguu yake kosa la majina tulilolitaja mwanzoni. Orodha moja yasema Utaridi, na maana yake ni mtama ulio hatua 58 toka mlangoni mwa shule. Orodha ya pili yasema Utaridi, na maana yake ni punje iliyo mwendo wa saa moja na robo na zaidi. Zohali katika orodha moja ni nazi yenye pete, katika nyingine ni ndimu iliyo mbali mara mbili. Waliofundishwa kwa orodha mbili hizi hawawezi kusemezana, hata kama kila mmoja ameshika somo lake barabara.

Kwa hiyo yafaa kila jina lirudishwe mahali ambapo Waarabu na watu wa pwani waliliweka, na sayari zilizogunduliwa baadaye ziitwe kwa majina yale yale yajulikanayo na mataifa mengine, yakiandikwa kwa matamko yetu. Mpango wake, toka jua kwenda nje, ni huu: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni. Zebaki ibaki kuwa madini. Sarateni na Kausi yabaki katika buruji. Ng'andu na Kilimia yasisahauliwe, kwa kuwa ni mali ya lugha tangu kabla ya vitabu, na mtoto ayasikiapo nyumbani kwa babu yake ajue kwamba nayo ni elimu.

Mwenye chati ya zamani ukutani hana haja ya kuitupa. Aandike majina haya kwa kalamu juu ya yale ya kwanza, na kando ya kila jina aandike mita zake: 58, 108, 150, 228, 778, 1,430, 2,870, 4,500. Kwa kufanya hivyo mtoto atakayekutana na jina lililohamishwa katika kitabu kingine atakuwa na kipimo cha kuligundulia.